Koki Nyekundu

Mimi mtu wa Dodoma, nani angenifundisha jua? Wiki yangu ya kwanza kwenye ujenzi wa ghala kule Ras Al Khor, Uarabuni, wenzangu walivaa mikono mirefu na kujifunga vitambaa kichwani. Mimi nikavaa singlendi. Maji nilikunywa kidogo tu, maana choo kilikuwa mbali na miguu yangu ina uvivu.

Saa tano asubuhi nikaanza kuona nyota. Nikajikokota hadi bafuni, nikafungua koki ya bluu, ya maji baridi, nikaingiza kichwa. Nilipiga ukelele mpaka mlinzi wa geti, Mkenya, akaja mbio akidhani nimeumwa na nge.

"Boss, hiyo maji imetoka kwa tanki ya juu, imeshinda kwa jua," alisema akicheka. "Fungua ile nyekundu."

Nikaona ananitania. Akaifungua mwenyewe, na maji yakatoka baridi kweli. Kumbe hita ya ndani huzimwa kiangazi chote, na maji yake hukaa kivulini. Akaniketisha kwenye kibanda chake chenye kiyoyozi, akaninywesha maji ya ndimu na chumvi, akanikataza kunyanyuka.

Kesho yake nilivaa mikono mirefu, nikanywa maji kabla ya kiu. Somo liliniingia hadi kwenye mifupa. Miaka miwili baadaye nilirudi Dodoma kwa likizo, nikalala gesti, nikafungua nyekundu kwa mazoea. Mhudumu alisikia ukelele, akagonga mlango.

"Pole, kaka. Hujawahi kuoga kwenye bafu la mjini?"