Kilo Sabini na Mbili Zisizotikisika

Daktari aliponiambia figo zangu zimechoka, alinipa agizo moja nililolipenda: nijipime uzito kila asubuhi, na nikiona unapanda nirudi haraka, kwa sababu maji yakizidi mwilini moyo ndio unaobeba mzigo. Mimi ni mtumishi wa umma. Nikipewa namba ya kusimamia, naisimamia. Nilinunua mizani nikaiweka sebuleni kwangu Ipagala, na kwa miezi minne haikutoka kwenye sabini na mbili.

Nikajivuna. Ofisini niliwahubiria wenzangu wenye vitambi habari za nidhamu, huku ngazi za ghorofa moja nikizipanda kwa vituo viwili na kusingizia simu. Nyama ilinikinaisha, ugali nilimega mara tatu nikasukuma sahani, lakini maji nilikunywa, maana jua la Dodoma halina msalie Mtume. Mashati yalipoanza kunipwaya mabegani nilisema ndiyo mitindo ya siku hizi. Viatu viliponibana, nilimrudishia fundi wa Kizota avitanue. Nilivirudisha mara mbili, na mara ya pili nikamgombeza.

Kisha mama akaja kutoka Gulwe kunitembelea. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, lakini mkono wangu hakuuachia. Aliupapasa hadi begani.

"Mwanangu, umekwisha," akasema.

Nikacheka. Nikamwongoza hadi kwenye mizani, nikapanda kwa madaha. "Sabini na mbili, mama. Haijashuka hata nusu."

Mama hajui kusoma namba. Aliinama, akanibonyeza muundi kwa kidole gumba, akakiondoa. Shimo likabaki pale pale, tukilitazama wote wawili.

"Hii si nyama," akasema. "Kesho tunakwenda hospitali."

Daktari alisema hayo hayo kwa maneno marefu zaidi. Nyama ilikuwa inaondoka kidogo kidogo na maji yanaingia mahali pake, na mizani haiwezi kutofautisha. Wala mimi na shahada yangu sikuweza. Akanipima moyo kwa mashine ya picha.

"Moyo umepanuka," akasema. "Tukiyatoa haya maji, huenda ukarudi. Ungekuja miezi miwili nyuma, nisingesema huenda."

Niliogopa.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango. Kiswahili cha daktari kilimpita kasi, akaniuliza kwa Kigogo amesema nini.

Nikamwambia amesema tumewahi. Miezi yote ile nilikuwa nimejidanganya bila kujua. Huo ndio uongo wa kwanza niliomwambia mama kwa makusudi. Mama alinitazama, akauchukua tena mkono wangu, akaupapasa hadi begani.