Mwalimu Ushahidi na Barua ya Kiwanda

Wanafunzi walimwita Ushahidi, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Ukimwambia leo kuna baridi, atakuuliza ushahidi uko wapi. Alifundisha Kiingereza kidato cha nne kwa miaka kumi na tisa, na meza yake katika ofisi ya walimu ilipakana na yangu, kwa hiyo nilimfahamu kuliko nilivyotaka. Mimi nafundisha hesabu. Maneno mengi hunichosha, na yeye maneno ndiyo yalikuwa kazi yake.

Swali lililowatoa jasho wanafunzi wake lilikuwa lile la mwisho katika mtihani: unapewa hotuba, barua au tangazo, halafu unaeleza mwandishi anatumia mbinu gani ili msomaji akubaliane naye. Kila mwaka walianguka hapo. Wengi walisimulia tu barua inasema nini, wakaweka kalamu chini raha mustarehe wakidhani wamejibu. Naye alikuwa akiwapigia kelele, "Sikuulizi anasema nini! Nakuuliza anakufanya nini!" Sauti hiyo ilipenya ukutani hadi darasani kwangu, nikakosea hesabu ubaoni zaidi ya mara moja.

Shule haikuwa na mashine ya kutoa nakala. Mashine ilikuwa ng'ambo ya barabara, katika kile kiwanda cha sabuni kinachotushindisha na harufu yake. Meneja wa kule hakujua kuandika barua ya kueleweka, na Ushahidi hakuwa na pa kutolea nakala za mazoezi. Wakaelewana. Yeye akamwandikia meneja barua za Kiingereza, meneja akamwachia mashine kila Ijumaa. Mwaka wa kwanza tulimpongeza. Hata mitihani yangu ya hesabu ilitoka kule, kwa hiyo siwezi kujifanya malaika.

Mwezi mmoja kabla ya mtihani, mfanyakazi mmoja wa kiwanda aliungua kwenye pipa la kuchemshia mafuta. Alilazwa hospitali siku sita, akafa. Alikuwa baba wa msichana aliyekaa dawati la mbele katika darasa la Ushahidi, mwanafunzi wake bora, tuliyemwita Kimya kwa kuwa kumsikia akizungumza ilikuwa bahati yako. Meneja akamwita Ushahidi amwandikie mjane barua. Akaiandika. Aliniambia mwenyewe, huku akikwangua doa la wino mezani, kwamba hajawahi kuandika barua ngumu kama ile. Nikamuuliza kama anajua marehemu ni baba wa nani.

"Najua. Nisipoandika mimi, ataandika mtu asiyewajali."

Nilimwambia hiyo ni hoja ya mlevi.

Wiki ya marudio aliwapa kazi: kila mmoja alete maandishi ya Kiingereza kutoka nyumbani kwao, ayachambue mbele ya wenzake. Walileta karatasi za maelezo ya dawa, matangazo ya simu, kadi ya harusi. Jumatano Kimya akaleta barua ya kiwanda.

Niliyasikia yote, maana nilikuwa nasahihisha madaftari barazani na mlango wao ulikuwa wazi. Msichana aliisoma barua bila kupandisha wala kushusha sauti, kisha akaanza. Alisema mwandishi anaanza kwa kumsifu baba, bidii yake, miaka yake kumi na minne bila kuchelewa kazini, ili mjane alainike. Halafu anasema sisi sote ni familia moja, ili kumshtaki meneja ionekane ni kumshtaki ndugu. Sifa zikishakolea ndipo anapotaja, kwa upole, kwamba hata mtu mwangalifu hupitiwa siku moja.

"Hapo anamtupia baba kosa," alisema. "Ameliweka katikati ya sifa ili lisionekane."

Mwisho, alisema, mwandishi anatisha kidogo: kesi huchukua miaka, mahakama huchosha wajane, afadhali kutia saini karatasi iliyoambatanishwa kabla ya Ijumaa jioni.

"Na kisichosemwa?" Ushahidi aliuliza. Aliwauliza hivyo kila siku, nadhani lilimtoka tu.

"Kifuniko cha pipa. Baba alisema kimevunjika tangu mwezi wa tatu. Aliripoti mara mbili. Barua nzima haitaji kifuniko."

Hata wale wawili wa nyuma, ambao wangecheka hata msibani, hawakucheka.

"Mwalimu, mama yangu hajui Kiingereza. Atie saini au asitie?"

Kalamu yangu ilisimama. Kila neno la barua ile aliliandika Ushahidi, na kila mbinu aliyotumia binti kuifumua alifundishwa na yeye.

"Mtihani haukuulizi hilo," alisema. "Uchambuzi mzuri sana. Kaa."

Nilimfuata ofisini nikamtolea uvivu. Nilimwambia mjane akitia saini amekubali kwamba mumewe alikufa kwa uzembe wake mwenyewe, na lile pipa litabaki wazi likimngoja mwingine. Akasema anajua. Nikamwambia kujua kwake hakumsaidii mtu. Aliinamisha kichwa, akasema atazungumza na huyo mama.

Hakwenda Jumatano, wala Alhamisi. Ijumaa saa nane mchana mjane akaja mwenyewe, Kimya nyuma yake. Alikuwa mwanamke mfupi, amevaa viatu vya kiume vilivyomzidi. Aliweka barua na ile karatasi juu ya meza ya Ushahidi.

"Mwalimu, huyu mtoto hataki nitie saini. Tangu juzi tunagombana. Nimemwambia twende kwa mwalimu wako. Atakachosema yeye ndicho nitakachofanya."

Ushahidi alisimama. Kwa mara ya kwanza nilimwonea fahari, maana nilijua anataka kusema nini.

"Mama, barua hii niliiandika mimi."

Kimya alimtazama. Mimi nilimtazama Kimya, na heri nisingemtazama.

"Wewe?" mama alisema. "Wewe, mwalimu wa mwanangu?" Kisha uso wake ukalegea, akavuta kiti akakaa. "Mungu akubariki. Nilikuwa naogopa kuna ujanja. Nilidhani ni mwanasheria wao, kumbe ni mtu wetu! Na hayo maneno mazuri ya kumsifu baba yake, ni wewe?"

"Mama, subiri kwanza," Kimya alisema. "Yeye ndiye aliye..."

"Nyamaza! Usimkosee adabu mwalimu wako."

Ilibaki sentensi moja tu ya kusema. Usitie saini. Mtu aliyeishi kwa maneno miaka kumi na tisa alifungua mdomo, akaufunga. Nami, mwenye ulimi mkali kila mahali, nilikaa kwenye kiti changu nikifikiria mitihani yangu iliyokuwa bado kiwandani ikitolewa nakala, nikanyamaza. Naona haya kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mama alipoomba kalamu, Ushahidi alimpa ya kwake. Akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, kisha akamgeuzia binti yake karatasi aangalie kama kuna kosa.

"Hakuna," Kimya alisema.