Anayeita Dondoo Dawa Aoshe Vikombe

Siku yangu ya kwanza kazini niliadhibiwa kwa neno moja. Nilikuwa nimeshika chupa yenye ute mweusi, mzito kama molasi, nikamuuliza Mtafiti Mkuu, "Daktari, dawa hii niiweke wapi?" Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Hapa hatuna dawa," alisema. "Dawa ni kitu kilichojaribiwa kwa watu, kwa haki, kikaonekana kinasaidia na hakiui. Hilo ulilolishika ni dondoo. Anayeita dondoo dawa huosha vikombe vya chai vya maabara nzima. Karai liko pale, Roselida."

Nikaosha. Shule nilikuwa nimeiacha mapema. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli. Alipokufa, mama hakukawia kumfuata, na nyumba ya kazi ikatakiwa irudishwe kabla matanga hayajaisha. Mimi ndiye kifungua mimba. Niliwahamishia wadogo zangu chumba kimoja mtaani Kayole, nikatafuta kazi, na niliyoipata ilikuwa ya kusaga mimea.

Majani na magome yalikuja kwa magunia. Tuliyakausha kivulini, kwa sababu jua kali huharibu kile unachokitafuta. Tukayasaga, tukaloweka unga wake katika spiriti, tukachuja kwa karatasi, kisha spiriti ikavukizwa polepole katika chupa inayozunguka juu ya maji ya moto. Kinachobaki chini ndicho dondoo.

Baadaye nilihamishiwa chumba cha panya, chini ya Msimamizi wa Wanyama, mzee mkali aliyewasalimu panya kabla ya kutusalimu sisi. Utafiti ulihusu sonona inayofuata kiharusi. Kiharusi ni damu kukosa kufika sehemu ya ubongo. Mkono na mguu hulegea, na hilo kila mtu huliona. Lisiloonekana ni sonona, huzuni iliyogeuka ugonjwa, inayomfanya mtu asitake hata kujaribu kupona. Sasa utaipimaje kwa panya asiyesema?

"Mwekee maji ya sukari na maji matupu," Msimamizi alinifundisha. "Panya mzima atakimbilia sukari. Mwenye sonona hajali. Ukimwona hataki tena utamu, huyo ni mgonjwa. Usimwite mvivu."

Dondoo la mti mmoja liliwarudisha baadhi ya panya kwenye sukari. Mti huo siutaji. Nikiutaja leo, kesho utauzwa stejini, kwenye vituo vya matatu. Tulifurahi, lakini hakuna aliyethubutu kusema dawa, isipokuwa Festus, mwenzangu wa kusaga. Huyo aliosha vikombe mpaka tukamwita Waziri wa Vikombe. Kisha utafiti ukasimama kabla haujafika kwa watu. Waliotoa fedha waligeukia mambo mengine, na dondoo likabaki kwenye friji. Jambo hilo linaniudhi hadi leo. Nilistaafu nikiwa nimeudhika hivyo.

Ndipo Barasa, mdogo wangu anayenifuata, akapigwa na kiharusi. Hospitalini walimtibu presha, wakamfundisha kukunja vidole. Moyo wake hakuna aliyeuuliza. Nilipomtembelea, mkewe, Mama Neema, alinipokea mlangoni amechoka.

"Dada, huyu ananuna tu. Wa kanisani wanasema imani imepungua. Mazoezi hataki."

Mbele ya Barasa palikuwa na chai iliyoshika utando. Barasa, aliyekuwa akigombana na wenzake utotoni kwa kulamba kijiko cha sukari. Niliketi. Nilikuwa nimewahi kuiona hali hiyo, ndani ya kizimba.

Kando ya kikombe palikuwa na chupa: Dawa ya Kiharusi na Huzuni, Imethibitishwa Maabara. Nikauliza ziko wapi tembe za presha.

"Aliyetuuzia alisema zisichanganywe," Mama Neema alijibu. "Tukaziacha."

Aliyewauzia nilimkuta kibandani, karibu na steji ya Spine Road. Alikuwa Festus.

"Sista Rose! Umepotea sana."

Nilimwonyesha chupa. "Hii ni ile ya maabara?"

"Ni ile ile. Nimeongeza asali kidogo."

"Alipewa mtu gani, Festus, ikathibitika?"

"Si panya walipona?"

"Barasa ni panya?"

Wateja wakageuka. Akashusha sauti. "Wacha hizo, sista. Wakubwa waliiacha kwa friji. Mimi angalau nawapa watu matumaini. Wewe umewapa nini?"

Swali hilo liliniuma, kwa maana nusu yake ni kweli. "Umemwachisha mgonjwa tembe za presha," nikamwambia. "Hayo unayaita matumaini? Nenda ukaoshe vikombe, Festus."

Mteja mmoja alicheka bila kujua kwa nini. Festus alijua, akainamia chupa zake.

Nilimpeleka Barasa kliniki pamoja na ile chupa. Daktari akaanza kuunyoosha mkono wake.

"Mkono tumeuona," nikasema. "Muulize kama anataka kuishi."

Akamuuliza. Barasa alilia kwa muda mrefu, na tulimwacha alie. Alirudishiwa tembe za presha, akaongezewa za sonona, akapata na mshauri wa kuzungumza naye. Chupa ya Festus ilibaki pale mezani kwa daktari.

Mimi bado nina hasira, na sioni haya kwamba nilistaafu nayo. Nina hasira na walioliacha dondoo kwenye friji, na aliyelitoa kwa njia ile. Huenda mti ule una dawa kweli. Basi ujaribiwe kwa watu, kwa haki. Wakinihitaji, nitarudi kusaga. Festus amehamia mtaa wa Fedha, na nasikia anauza vizuri.

Juzi nilimpikia Barasa chai. Alionja, akakunja uso, akakisukuma kikombe kwangu.

"Dada," akasema kwa ulimi wake mzito, "umesahau sukari."

Sikuwa nimesahau. Nikainuka kuileta.