Pampu ya Upepo na Mwiba wa Mwamapalala

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nikiwa kijana wa miaka thelathini na mbili, nimepiga magoti kando ya barabara ya kutoka Mwamapalala kwenda Bariadi, nikitazama pampu ndogo ya upepo ikitetemeka kwenye vumbi. Ndani ya pikapu alikuwa bibi yako, mayu wangu aliyenizaa, amelaza kichwa kwenye mapaja ya mama yako, anahema kwa shida. Jana ulinipigia simu kutoka Ngulyati ukaniambia umenunua gari, ukauliza, "Baba, pampu ya kujazia tairi nichukue ipi?" Nikakujibu kwamba ngoja nifikiri. Sikuwa nafikiri, Minza. Nilishindwa kusema. Basi naandika.

Pampu ile niliinunua mjini Bariadi, ya aina inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari. Muuzaji aliijaribu kwenye tairi la baiskeli iliyoegemezwa mlangoni kwake. Likajaa mara moja.

"Umeona, kaka?" akasema. "Huyu ni fundi pancha wa kukaa chini ya kiti, na hali chakula."

Nilicheka, nikaichukua. Sikuuliza waya wake una urefu gani, wala inafanya kazi dakika ngapi kabla ya kupumzishwa. Tena kwa kuwa nilikuwa na pampu, nikajiona nimekamilika. Msimu wa pamba nilishusha tairi la akiba ili nipate nafasi ya kupakia, nikaliegemeza nyuma ya nyumba. Halikurudi garini.

Bibi yako alibanwa kifua kulipokucha. Zahanati wakatuambia tumpeleke hospitali ya Bariadi upesi. Unajua kwetu watu hukata matawi ya miiba ya kuzungushia mazizi, na kuyakokota kwa ng'ombe kukatiza barabara. Hatukwenda mbali, gari likaanza kuvuta upande. Nikashuka, nikakuta mwiba umezama kwenye tairi la nyuma. Tairi lilikuwa limepungua, lakini lilikuwa bado limesimama.

Mimi nimekua nyuma ya ng'ombe. Tangu utoto nilifundishwa kwamba ukiona mwiba mguuni mwa ng'ombe, ung'oe hapo hapo kabla hajaanza kuchechemea. Mkono ukaenda wenyewe. Nikaung'oa, nikautupa kwenye nyasi. Upepo ukalia, na tairi likalala mbele ya macho yangu.

Nikachomeka pampu. Waya na mpira wake, ukivinyoosha vyote, viliishia katikati ya bodi. Ulipungua urefu wa mkono mmoja tu kufika tairi la nyuma. Nikapiga jeki, nikafungua tairi, nikalibeba hadi mlango wa mbele, na njiani nilidondosha nati moja nikaanza kuitafuta kwa vidole kwenye vumbi. Pampu ikanguruma. Geji ikasema thelathini. Nikabonyeza tairi kwa dole gumba, bado lilikuwa laini kama kiwele kilichokwisha kukamuliwa.

"Tumefika?" mayu akauliza ndani.

"Karibu, mayu," mama yako akamjibu. Hatukuwa karibu.

Ndipo akatokea mzee mmoja na baiskeli yake. Jina lake Masunga, na baadaye nilijua kwamba aliwahi kuendesha malori ya pamba miaka mingi. Hakuanza na mimi. Alikwenda dirishani kwanza, akavua kofia, akamwambia mama yangu, "Mwadila, mayu," kama tunavyosalimiana, akangoja mpaka mama akapata pumzi ya kumjibu. Kisha akanigeukia.

"Limechomwa na nini?"

"Mwiba."

"Uko wapi?"

"Nimeung'oa."

"Nyanda, kijana wewe, nani kakutuma? Hilo ni tairi, si mguu wa ng'ombe. Mwiba ndio ulikuwa unaziba. Ungejaza upepo ukiwa humo humo, saa hizi uko mjini. Na tairi la akiba?"

"Nyumbani."

"Linafanya nini nyumbani? Linapokea wageni?"

Mama yako alitoa sauti ndani ya gari. Sijui alikuwa anazuia kicheko au kilio. Sikuwahi kumwuliza, na sasa hayupo wa kuulizwa.

Tuliutafuta ule mwiba kwenye nyasi, wanaume wawili tumeinama, hatukuuona. Mzee akakata mwingine, akausukuma kwenye tundu, akauvunja usawa wa mpira. Ule mlio ukapungua, haukuisha. Nikawasha pampu tena, ikaanza kunuka kuungua. Akanyoosha mkono akaizima.

"Iache ipoe."

"Mzee, mama anakufa."

"Namwona. Ukiiunguza hii utajaza kwa mdomo?"

Tukangoja. Nimengoja mambo mengi maishani, mwanangu, mvua, mavuno, hata kuzaliwa kwako, lakini sijawahi kungoja kama nilivyongojea kile chombo kipoe, huku nikisikiliza pumzi za mama yangu na kuogopa kila zilipochelewa. Tukajaza, tukapumzisha, tukajaza tena. Mzee alisaidia kufunga nati, akasema, "Nenda polepole, usisimame."

Tulifika. Bibi yako aliishi siku mbili. Nilimwuliza daktari kama muda ule tuliopoteza ungebadili kitu. Akasema, "Siwezi kukuambia ndiyo, na siwezi kukuambia hapana." Nimeishi na jibu hilo mpaka leo. Sikuandikii ili unifariji.

Basi sikiliza. Ukienda dukani, nenda na gari lako, wala usikubali pampu ijaribiwe kwenye baiskeli au mpira. Mwambie muuzaji aijaribu kwenye tairi lako la nyuma, lile la mbali kabisa na tundu la umeme, uone kama inafika bila kuvutwa. Toa upepo kiasi, uone inaurudisha kwa muda gani na kama inachemka. Uliza inafanya kazi dakika ngapi ndipo ipumzike, na umwamini anayekuonyesha palipoandikwa. Ile ya kuchaji ni nzuri, haina shida ya waya, ila ukiisahau kabatini utaikuta imekufa siku unayoihitaji. Ile kubwa yenye tangi ina nguvu, lakini inabaki nyumbani, na pancha haitakungoja nyumbani. Kwa barabara yako, chukua ya kubana moja kwa moja kwenye betri, yenye waya mrefu, inayojizima ikifika namba uliyoiweka. Namba hiyo iko kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa mlango wa dereva. Geji yake ilinganishe na ya fundi tairi unayemwamini, kwa sababu yangu ilinidanganya.

Ukikuta mwiba, uache. Jaza upepo, nenda kwa fundi, aung'oe yeye. Na pampu hata iwe nzuri vipi, tairi la akiba lisitoke kwenye gari lako. Hilo naomba uniahidi, maana kila usipopokea simu mimi huwa naiona barabara ile.

Mungu akulinde, Minza, wewe na utakaowabeba. Wanaokutegemea ufike, uwafikishe wakiwa bado wanakuuliza njia imebaki kiasi gani. Na ukikwama, akuletee mtu atakayemsalimia mgonjwa wako kwanza.