Taa Alizosugua Mama Mkwe

Kule Uru, mlimani, mama mkwe wangu alikuwa na sifa ya sufuria. Zake ziling'aa nje kuliko za wenzake zilivyong'aa ndani, na alizianika uani mahali ambapo mtu yeyote anayekwenda kanisani hana budi kuziona. Alisugua kwa majivu, mchanga laini na ganda kavu la mgomba. Kioo cha chemli alikisafisha kwa majivu hayo hayo. Kwa imani yake hapakuwa na uchafu duniani ambao majivu hayauwezi, labda dhambi. Mimi alikuwa bado hajaamua aniweke kundi gani.

Mimi ni Mpare, tena Mlutheri, na nilikuwa nimemwoa binti yake wa mwisho. Hakunitukana hata siku moja. Aliniita mgeni tu. "Mpeni mgeni kiti." "Mgeni amekula?" Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikalia kiti chenye mto, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, tangu harusi mpaka mtoto wetu wa kwanza akaanza kutembea, na jembe silioni. Mume wa dada yake mke wangu alikuwa anatumwa kama punda: kakate majani ya ng'ombe, panda ukagongelee lile bati, we mwanangu mbona umezubaa. Alikuwa akilalamika sana. Nilimwonea wivu. Katika nyumba ile nilitaka kitu kimoja tu, nitumwe.

Siku moja niliinuka mwenyewe nikashika panga. Akanipokonya taratibu, kama unavyompokonya mtoto kisu.

"Kaa, mgeni. Utachafuka."

Miaka ile magari yaliyotumika yalikuwa yanaingia kutoka Japani kwa kupitia Dubai, na watu ambao hatukuwahi kuota hata pikipiki tukajikuta na funguo mfukoni. Langu lilikuwa zima, isipokuwa taa za mbele. Hazikuwa za kioo kama za magari ya zamani. Zilikuwa za plastiki, na jua lilishazifubaza zikawa na rangi ya maji ya kuoshea mchele. Mama mkwe hakusema hata mara moja kwamba ni gari langu. Alisema gari la binti yangu.

Jumapili moja tulikuwa tumemaliza mtori wa ndizi. Nikasikia nje, kwaruu, kwaruu. Nikatoka. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti mbele ya gari, kanga kiunoni, bakuli la majivu na mchanga pembeni, anasugua taa ya pili. Ya kwanza alishaimaliza. Ilikuwa nyeupe kama ganda la yai.

"Shikamoo mama," nikasema, ingawa nilishamwamkia asubuhi.

"Marahaba. Binti yangu hawezi kushuka mjini na gari lenye mtoto wa jicho."

Damu ilinipanda. Mimi si mtu mpole, na sijawahi kudai kwamba ni mpole. Angekuwa mtu mwingine, Uru yote ingejua Kipare siku ile. Lakini kwa mama mkwe unameza.

"Ahsante sana, mama. Zimetakata."

Mke wangu, aliyekuwa mlangoni, aliingia ndani haraka. Nilimsikia jikoni akicheka mpaka akapaliwa.

Tulirudi nyumbani, mtaa wa Soweto kule mjini, jioni ile ukungu umeshuka, taa zikitoa mwanga wa mshumaa uliofunikwa shuka. Mke wangu alikuwa amenyoosha tochi nje ya dirisha.

"Mwambie," akasema.

"Simwambii."

"Basi nitamwambia mimi."

"Thubutu."

"Mwanaume mzima unaogopa majivu!"

"Siogopi. Tangu nimjue mama yako hajawahi kugusa kitu changu chochote. Sasa amegusa. Mwache."

Akaitikisa tochi. Akaniambia betri zinakwisha.

Fundi wa magari wa mtaa wa Majengo aliziangalia zile taa kwa muda.

"Bosi, umegombana na nani?"

"Mama mkwe."

"Pole. Alitumia nini, panga?"

"Majivu."

Alinieleza kwamba plastiki ina ngozi ya juu, na ngozi ile haipo tena. Dawa yake ni kuendelea pale mama alipoishia, ila kwa adabu. Unapiga msasa wa maji, kwanza wa kukwaruza, kisha laini, kisha laini zaidi, na maji yasikatike. Halafu dawa ya kung'arishia rangi ya gari, kwa kitambaa cha pamba. Mwisho vanishi, jua lisirudie uovu wake. Yeye alikuwa na kazi za watu, kwa hiyo nilifanya mwenyewe, Jumamosi nzima nimechuchumaa. Msasa wa kwanza ulizifanya mbaya zaidi nikalaani ukoo mzima wa waliogundua plastiki. Jioni vidole vilikuwa vimechubuka, lakini balbu ilionekana ndani kama samaki katika maji safi.

Kesho yake tukapanda Uru. Akina mama wa jumuiya walikuwa kwa mama mkwe wamemaliza rozari. Mmoja akaona.

"Heee! Mgeni wako kanunua taa mpya?"

Mke wangu akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

Mama mkwe alilisogelea gari. Akapitisha kidole gumba juu ya taa moja, akapitisha juu ya nyingine.

"Mpya za nini?" akasema. "Nimezisugua mimi mwenyewe Jumapili iliyopita. Majivu hayaonyeshi kazi yake siku ile ile. Unayaacha."

Akina mama wakaja kugusa mmoja mmoja. Mwingine akasema na yeye ataanza kuyaacha. Mama mkwe akainama kwenye taa ya kushoto, akakwaruza pembeni kwa ukucha.

"Hapa pamebaki kidogo," akasema. Kisha, bila kugeuka, kwa sauti ambayo nilikuwa nimeisikia miaka yote ile ikielekezwa kwa mwenzangu: "We mwanangu, mbona umezubaa? Kalete maji. Na majivu, yako nyuma ya jiko."

Niligeuka kumtazama mume wa dada yake mke wangu. Hakuwepo. Hakuja kabisa wiki ile.

Niliziangalia taa zangu. Nilivitazama vidole vyangu. Furaha niliyoisikia haikuwa na heshima hata kidogo, nusura nipige vigelegele pamoja na wale akina mama.

"Mwambie," mke wangu akaninong'oneza.

Nilikuwa nimeshafika nyuma ya jiko. Nilimletea ndoo imejaa, na majivu mabakuli mawili.