Koti la Mwenye Nyumba

Jua halijapanda vizuri, na Mama Pasi tayari amekunja mikono ya blauzi. Anachukua suruali ya kwanza kwenye lundo, anapapasa mfuko wa mbele, wa nyuma, kisha pindo. Anatoa kijiti cha meno na kifungo. Hakuna nguo inayoingia kwenye beseni lake kabla ya kupapaswa.

"Kalamu moja ikivuja, mashati ya mtaa mzima yameharibika," anasema. "Ndiyo maana napapasa. Sikuwaza hata siku moja kwamba ningekuta bastola."

Udobi ndio uliomlea tangu afiwe na mumewe. Anafanyia kazi katika chumba cha mbele cha kupanga, chenye meza ya pasi na dirisha moja. Nusu ya anachopata huishia kwenye kodi. Mjukuu wake wa miaka minne alizoea kulala mchana juu ya lundo la nguo chafu.

Mwezi uliopita alilalia koti la mwenye nyumba. Bibi akalivuta taratibu asimwamshe, akaona limelemea upande mmoja. Akapapasa. Kichwa cha mtoto kilikuwa juu ya chuma.

"Nilimbeba nikatoka. Sikulia. Nilipaza sauti jirani aite polisi."

Fundi viatu wa jirani alisimama mlangoni asiingie mtu mpaka polisi walipofika. Askari wa kike aliitoa bastola, akakuta imejaa risasi. Kisha akamletea Mama Pasi maji, akampokea mtoto ili bibi anywe.

Mwenye nyumba ana kibali cha silaha hiyo. Jioni alikuja akicheka.

"Mama, nawe! Nilisahau tu. Mbona unayakuza?"

"Watu husahau leso, baba. Wewe umenisahaulia kifo."

"Si hakuna aliyeumia?"

"Ulikuwa unamngoja nani aumie?"

Siku hizi hacheki. Alhamisi kamati ya vibali vya silaha itamsikiliza Mama Pasi, na mwenye nyumba ameshamwambia: akienda kutoa ushahidi, atafute chumba kingine.

Mteja mmoja alimkumbusha kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu.

"Nimeubusu kila mwisho wa mwezi," anasema, na kuichapa suruali mezani. "Wenye bastola siubusu! Sisemi watu wasimiliki. Sheria imempa, haya. Lakini sheria hiyo hiyo imemwambia aivae kiunoni au aifungie kabatini kwa kufuli. Mimi sindano tu naificha mtoto asiifikie, yeye anatupa bastola kwenye nguo chafu?"

Anataka kibali kifutwe. Asipopata hilo, anataka angalau kila mwenye silaha akaguliwe nyumbani kwake, aoneshe kufuli lenyewe, si kuapa kwa mdomo.

Kuhusu chumba, fundi viatu ameanza kusogeza makasha yake kibandani. "Meza ya pasi itaenea," amemwambia. "Tutabanana, dada, lakini hutakosa pa kufanyia kazi."

Ukutani limetundikwa koti lenyewe. Polisi walichukua bastola, nguo wakaiacha. Limefuliwa, limenyooshwa, kola imesimama.

"Kazi ya mtu siiachi nusu," anasema Mama Pasi. "Nitakwenda nalo Alhamisi. Alichukulie palepale mbele ya kamati, nikiwa nimeivuta mifuko yote nje."