Vumbi Nililokataa Kutupa

Chekeni mkitaka, lakini hapa Geita ni nani anayetupa vumbi la ovaroli?

Mimi ni dobi. Juzi mashine yangu ya kukaushia ilianza kutoa nguo mbichi. Ilizunguka vizuri na joto lilikuwepo. Nikajifanya fundi: nikafungua mgongo, nikakagua mkanda, nikapima hita. Vyote vizima. Kichujio sikukigusa, makusudi kabisa. Nilikiacha kijae vumbi la ovaroli za Baba Maduhu, mteja wangu wa mgodini, ili siku moja nilichenjue nipate dhahabu.

Baba Maduhu akaja, akakuta ovaroli zake bado mbichi. Akachomoa kichujio, kimevimba kama mto wa kulalia.

“Mama Kulwa, hewa itapita wapi? Lete ndoo ya taka.”

“Usitupe!” nikamkemea mbele ya wateja. “Hiyo ni dhahabu!”

Akachambua kidogo kwa kidole, akacheka mpaka akashika ukuta.

“Mgodini niliacha kitambo, mama. Siku hizi niko mashine ya kusaga mahindi. Hizi ni nyuzi na pumba za mifukoni.”

Wateja wote wakanigeukia.

“Basi kuku wangu watakula,” nikasema, nikamnyang'anya kichujio.